Kupanga Orodha ya NRMP Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Daktari Anayetafuta Ubingwa Marekani

Kila mwaka inapofika Machi, kuna madaktari wa Pwani wanaoanguka mahali pale pale. Mitihani wamepita, usaili wamefanya na kujibu vizuri, lakini orodha ya vipaumbele waliyoituma kwa NRMP wameipanga kwa hofu. Juu wameweka programu ya mafunzo wanayodhani itawachukua, na ile waliyoitamani tangu mwanzo wameisukuma chini. Wengine wameipanga sawasawa, kisha wakasahau kuithibitisha. Kazi ya miaka inapotea kwenye ukurasa mmoja.

Mwongozo huu ni wa daktari aliyemaliza MBChB na mwaka wa internship, pengine yuko zamu Makadara, Port Reitz au Msambweni, na sasa anaomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa Marekani. NRMP ndilo shirika linaloendesha mgao wa nafasi hizo. Sisemi mengi kuhusu kusomea mitihani, kwa kuwa hapo wengi wenu mnafanya vizuri. Nguvu nimeziweka kwenye orodha, na hatua zinazoizunguka.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Namba yako ya ECFMG, shirika linalothibitisha sifa za madaktari waliosoma nje ya Marekani, na namba ya AAMC (chama cha vyuo vya tiba vya Marekani) unayopewa ukifungua akaunti ya ERAS, mfumo wa kutuma maombi. NRMP itakuuliza zote mbili.
- Akaunti ya NRMP. ERAS ni kitu kimoja na NRMP ni kingine. Kujisajili kwa mmoja hakukuingizi kwa mwingine.
- Kadi inayolipa kwa dola. Kadi ya benki hufaa, na wengine hutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Ada ya usajili wa NRMP katika misimu ya karibuni ni dola 70, nayo inatosha programu 20 kwenye orodha. Ya 21 na kuendelea hulipiwa dola 30 kila moja.
- Pasipoti ambayo jina lake linafanana herufi kwa herufi na jina lililo kwenye rekodi za ECFMG. Hapa Pwani hili hutusumbua: kitambulisho kinasema Mohamed, shahada inasema Mohammed, na jina la babu lipo kwenye hati moja tu. Rekebisha mapema, kwa sababu msimu ukishaanza kila barua ya kusahihisha jina hula wiki kadhaa.
- Daftari la karatasi kwa ajili ya usaili.
- Saa ya pili kwenye simu, iliyowekwa New York. Utaona sababu yake mbele.
- Njia mbili za intaneti: ya nyumbani au kazini, na bando la simu iliyojaa chaji. Stima ikipotea usiku wa mwisho, NRMP haitakungoja.

## Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kuwa kwenye mgao

Daktari aliyesoma Kenya anahitaji cheti cha ECFMG. Kukipata, unatakiwa upite Step 1 na Step 2 CK za USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, ufanye mtihani wa Kiingereza wa OET wa udaktari, na ukubaliwe kupitia mojawapo ya njia za ECFMG zilizochukua nafasi ya Step 2 CS, mtihani wa ustadi wa kliniki uliofutwa Januari 2021. Kwa aliye na leseni ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kuna njia inayotegemea leseni, na baraza lenyewe ndilo linalothibitisha kwa ECFMG.

Sababu ya kuanza hapa ni hii: NRMP hukagua hali yako ya ECFMG siku ya mwisho ya orodha. Kama hujakamilisha mitihani inayotakiwa, unaondolewa kwenye mgao hata kama programu kumi zilikupenda. Anayefanya OET mwezi Januari anacheza na nafasi yake.

Kumbuka pia kwamba tangu Januari 2022 Step 1 hutolewa majibu ya kupita au kutopita tu, bila alama. Mzigo wa alama umehamia Step 2 CK, na programu nyingi huangalia hapo kwanza.

Ukifaulu hatua hii: akaunti yako ya ECFMG inaonyesha mitihani yote imepita na ombi la njia limekubaliwa, mapema kabla ya Februari.

## Hatua ya 2: Jisajili NRMP kabla ya Januari kwisha

Usajili hufunguliwa katikati ya Septemba. Muda wa kawaida hufungwa mwisho wa Januari. Ukichelewa unaongezewa dola 50. Usingoje usaili wa kwanza ndipo ujisajili. Ni kweli kwamba asiyepata usaili hana la kupanga, lakini anayesubiri hadi Februari mara nyingi ndiye yule yule anayesahau kabisa.

Ukijisajili unasaini mkataba. Usome wote. Unakubali kwamba mgao ukikupa programu iliyo kwenye orodha yako, utaenda. Ukikataa bila NRMP kukupa ruhusa, huhesabiwa kuwa umevunja mkataba, na adhabu yake ni pamoja na kufungiwa mgao wa miaka ijayo. Neno hili ndilo linaloongoza hatua ya 5.

Nanyi wanandoa ambao wote ni madaktari, mnaweza kujisajili kama jozi. Orodha zenu zinakuwa za mistari miwili miwili, programu yake na yako sambamba, na mgao huwapa jozi ya juu kabisa ambayo nyote wawili mmekubaliwa. Anzeni kuzungumza mapema, kwa sababu orodha ya jozi hurefuka haraka.

## Hatua ya 3: Andika kila usaili siku ile ile

Programu huanza kuona maombi mwishoni mwa Septemba, na usaili huwa kati ya Oktoba na Januari. Sehemu kubwa hufanyika kwa video, na hilo kwa mtu wa Mombasa ni nafuu kubwa ya nauli. Lakini lina mtego wa saa.

Hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Mombasa iko saa saba mbele ya New York. Baada ya hapo Marekani hurudisha saa nyuma, na tofauti inakuwa saa nane. Usaili wa saa tatu asubuhi wa New York utakuwa saa kumi jioni kwetu mwezi Oktoba, na saa kumi na moja jioni mwezi Novemba. Chicago ongeza saa moja, California ongeza tatu. Andika saa ya kule na saa ya kwetu kwenye mstari mmoja wa daftari, kisha hakikisha hujapangiwa zamu.

Usaili ukiisha, usifunge daftari. Andika majibu ya mambo haya wakati sauti zao bado ziko masikioni:

- Wanatoa viza ya aina gani: J-1 (ya mafunzo) pekee, au na H-1B (ya kazi)?
- Kati ya madaktari walioko mafunzoni sasa, wangapi walisoma nje ya Marekani?
- Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo?
- Madaktari walio mafunzoni walizungumzaje mkurugenzi alipotoka kwenye chumba cha video?

Hilo la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kuna programu ambayo mkurugenzi wake anaongea kwa ufasaha, kisha madaktari wake wanabaki kuangaliana kabla ya mmoja kujibu kuhusu zamu za usiku. Mkiwa kwenye kikao, tazameni nyuso zao. Kanuni za Marekani zinaweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne. Uliza wanavyozihesabu, na usikilize kama jibu linakuja mara moja au linazungushwa.

Ukisubiri Februari ndipo ukumbuke, programu zote zitakuwa zimechanganyika kichwani na utaamua kwa kutazama picha za tovuti.

## Hatua ya 4: Elewa mgao unavyofanya kazi

Hapa ndipo hofu inapozaliwa, kwa hiyo tuende polepole.

Wewe unaandika programu unazozitaka, kuanzia unayoipenda zaidi. Programu nayo inaandika madaktari inaowataka, kuanzia inayempenda zaidi. Hakuna anayeona orodha ya mwenzake. Kompyuta inaanza na wewe, daktari: inakupeleka kwenye namba moja yako. Kama programu hiyo haikukuandika, unapita kwenye namba mbili. Kama ilikuandika na bado ina nafasi, unakaa, lakini kwa muda tu. Akija mwingine ambaye programu imempanga juu yako na nafasi zimejaa, unatolewa, na kompyuta inakupeleka kwenye chaguo lako linalofuata. Hakuna aliyekaa kwa kudumu mpaka kila daktari awe amejaribiwa.

Tuchukue mfano wa madaktari watatu, tuwaite kwa mitaa yao: wa Likoni, wa Kisauni na wa Changamwe. Kuna programu mbili, Ziwani na Mtoni, na kila moja ina nafasi moja.

Daktari wa Likoni anaipenda Ziwani kuliko Mtoni. Wa Kisauni na wa Changamwe wote wanaipenda Mtoni kwanza, kisha Ziwani. Ziwani imewapanga hivi: Kisauni, Likoni, Changamwe. Mtoni imewapanga: Likoni, Changamwe, Kisauni.

Likoni anajaribiwa Ziwani, anakaa. Kisauni anakwenda Mtoni, anakaa. Changamwe anakwenda Mtoni. Mtoni inampenda kuliko Kisauni, kwa hiyo Kisauni anatolewa. Kisauni anahamia Ziwani, na huko anapendwa kuliko Likoni. Likoni anatolewa. Sasa tazama: Likoni anakwenda Mtoni, chaguo lake la pili, ambako Changamwe tayari amekaa. Mtoni inampenda Likoni kuliko Changamwe. Changamwe anatoka, Likoni anakaa. Changamwe anajaribiwa Ziwani, haipati, na anabaki bila nafasi.

Daktari wa Likoni alianza na Ziwani, akaikosa, na bado Mtoni ilimpokea kana kwamba aliiandika namba moja. Kuchelewa kufika hakukumpunguzia kitu. Programu haijui ulikuwa umeiweka ya kwanza au ya pili, na kompyuta haimpi mtu upendeleo kwa kuwahi.

Sasa badilisha jambo moja tu. Tuseme Mtoni imewapanga Likoni, Kisauni, Changamwe. Likoni anakaa Ziwani. Kisauni anakaa Mtoni. Changamwe anakataliwa Mtoni, kisha Ziwani. Kisauni hana sababu ya kuondoka Mtoni, kwa hiyo hamfuati Likoni kule Ziwani. Likoni amepata aliyoitamani.

Je, kama Likoni angekuwa na hofu? Angejiambia, "Kisauni ana alama kunishinda, Ziwani watamchukua yeye, bora niweke Mtoni juu." Angepata Mtoni. Nafasi ya Ziwani ambayo ilikuwa yake angemwachia Kisauni kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo kuweka unayoitaka juu hakukuharibii zilizo chini, na kuweka "ya uhakika" juu kunaweza kukunyima bora. Hata kuongeza programu chini ya orodha hakupunguzi nafasi yako kwa zilizo juu yake, kwa kuwa kompyuta haifiki huko mpaka za juu zote zimekukataa.

Tabia ya kuogopa ina chanzo chake. Internship tulipangiwa na wizara, na masomo ya MMed unaomba kila chuo peke yake, kwa hiyo tumezoea kukisia mkubwa atasema nini. Mgao huu hauhitaji ukisie.

Ukifaulu hatua hii: unaweza kumweleza mwenzako mfano wa Likoni bila kutazama karatasi.

## Hatua ya 5: Panga orodha yenyewe

Mfumo wa orodha hufunguliwa mwanzoni mwa Februari, na una takribani mwezi mmoja. Usianze kwenye skrini. Anza na karatasi.

Kwanza, ondoa. Chukua kila programu iliyokufanyia usaili, ujiulize: Ijumaa ya matokeo, ukiambiwa ni hapa au hakuna kabisa, utachagua nini? Kama jibu ni kubaki bila nafasi na kujaribu mwaka ujao, isiandike. Mkataba wa hatua ya 2 unakubana. Kama jibu ni kwenda, hata kwa shingo upande, iandike. Programu ambayo haikukufanyia usaili usiipotezee muda, nayo haitakuandika.

Nawasihi msikate sana. Mwaka 2024, kati ya madaktari waliosoma nje na wasio raia wa Marekani, waliopata nafasi za mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 58.5. Orodha yenye programu tatu kwa mtu aliyefanya usaili tisa ni kujinyima.

Pili, linganisha mbili mbili. Usijaribu kuzipanga kumi kwa mkupuo. Chukua mbili, uliza ungependa ipi kama zote zingekukubali leo. Ingiza ya tatu, ulinganishe na hizo mbili. Endelea hivyo. Kila unapojikuta unasema "lakini hawa hawatanichukua", futa sentensi hiyo na urudi kwenye swali. Swali ni unapenda ipi.

Mambo ya kupima ni yale yatakayoyagusa maisha yako kila siku. Muda wa mafunzo ni mmoja wao: tiba ya ndani, tiba ya familia na watoto ni miaka mitatu, magonjwa ya akili ni minne, upasuaji wa jumla ni mitano. Mji nao una uzito. Minneapolis na Columbus zina jamii kubwa za watu wa Afrika Mashariki, na mtu mwenye familia atapata chakula halali na watu wa kumjulia hali. Baridi ya Minnesota nayo ni ya kweli, na usiidharau eti kwa kuwa uko mchanga.

Kama una mke au mume, kaeni chini kabla ya Februari. Mwenza wa mtu wa J-1 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Mwenza wa mtu wa H-1B kwa kawaida hana njia hiyo mwanzoni. Tofauti hiyo peke yake imegeuza orodha za watu, na ni haki igeuze.

Tatu, kagua viza. H-1B inataka uwe umepita Step 3, na Step 3 hufanyika Marekani na maeneo yake tu. Kama huna Step 3 na programu haitoi J-1, usiiandike. Tena Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya walio nje ya nchi, kwa hiyo programu iliyokuwa ikitoa viza hiyo zamani iulize upya kwa barua pepe kabla hujaiandika.

Nne, soma msimbo. Hospitali moja inaweza kuwa na nafasi za aina kadhaa, na kila aina ina msimbo wake. Herufi iliyo ndani ya msimbo ndiyo ya kutazama. C ni mafunzo kamili kuanzia mwaka wa kwanza. P ni mwaka mmoja tu wa maandalizi. A huanza mwaka wa pili, hivyo unahitaji mwaka wa P mahali pengine, na huo unaupanga kwenye orodha ya nyongeza inayounganishwa na ile programu ya A.

Onyo hapa ni kali. Ukichagua P ukidhani ni C, utaruka na familia yako, ufanye kazi mwaka mmoja, kisha utafute upya nafasi ukiwa na viza inayotegemea nafasi hiyo. Soma msimbo kwa sauti, herufi kwa herufi, na uulinganishe na barua ya mwaliko wa usaili.

## Hatua ya 6: Barua tamu za Februari

Baada ya usaili baadhi ya programu hukuandikia kwamba umewavutia sana na wanatarajia kukupanga juu. Furahi, mshukuru aliyeandika, na usiguse orodha yako.

Maneno hayo hayamfungi mtu. Kinachofunga ni orodha iliyothibitishwa na mkataba. Kwa kanuni za NRMP, programu hairuhusiwi kukuuliza ulikofanya usaili mwingine wala utaipanga ya ngapi. Ukiulizwa, jibu kwa heshima kwamba programu yao umeipenda na kwamba utaheshimu kanuni za mgao. Kama kuna programu moja ambayo kweli ni namba moja yako, unaweza kuwaambia kwa hiari yako. Ambia moja tu. Wakurugenzi hujuana, na jina la daktari aliyewaambia watatu kwamba wote ni wa kwanza huharibika kabla hajafika.

Kaa mbali pia na madalali wanaouza "nafasi ya nje ya mgao". Programu iliyojiunga na mgao hutakiwa kuweka nafasi zake zote humo. Anayekutaka utume dola ili akupangie mahali anauza asichonacho.

## Hatua ya 7: Ingiza na uthibitishe

Siku ya mwisho huwa mapema Machi, saa tatu usiku ya New York. Marekani inakuwa bado haijasogeza saa mbele, kwa hiyo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata, karibu na adhana. Usipange kuamka saa hiyo. Fanya kazi hii angalau wiki moja kabla, ukiwa umelala vizuri.

Ingiza programu kwa kutumia misimbo uliyoihakiki. Muombe mtu akae kando yako, awe na karatasi yako, wewe usome skrini naye afuate kwa kidole. Vidole huteleza, programu ya nne hujikuta ya kumi na nne kwa kuburuta vibaya.

Kisha thibitisha. Kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mfumo utakuomba nywila, na ukimaliza, hali ya orodha inabadilika kuonyesha kwamba imethibitishwa. Piga picha ya skrini hiyo, tarehe ikionekana. Ukirudi kubadilisha chochote, hata kusogeza programu moja, unatakiwa kuthibitisha upya. Hapa ndipo wengi huanguka: wanathibitisha wiki ya kwanza, wanarekebisha usiku wa mwisho, wanafunga kompyuta wakidhani ya zamani inatosha. Orodha isiyothibitishwa saa ikifika haiingii kwenye mgao.

Ukifaulu hatua hii: picha ya skrini iko kwenye simu, mtu mwingine ameiona, na huna sababu ya kufungua tena.

## Hatua ya 8: Wiki ya mgao

Ni wiki ya tatu ya Machi. Saa za Marekani zinakuwa zimesogea mbele, kwa hiyo tofauti imerudi saa saba. Jumatatu, alasiri au jioni ya kwetu, unapata barua inayosema kama umepata nafasi au la, bila kutaja wapi. Ijumaa saa sita mchana ya New York, yaani saa moja jioni Mombasa, unajua ni programu gani.

Kama Jumatatu inasema hukupata, usizime simu. Mpango wa nafasi zilizobaki, unaoitwa SOAP, huanza siku hiyo hiyo. Unaruhusiwa kutuma maombi kwa programu zisizozidi 45. Marufuku kabisa kuwapigia au kuwaandikia kabla hawajakutafuta wao, na marufuku mjomba aliye Marekani kuwapigia kwa niaba yako. Hilo nalo ni kuvunja kanuni. Alhamisi ofa hutolewa kwa raundi nne, kila moja saa mbili. Ukikubali moja, umefungwa nayo. Kwa hiyo andaa mapema, kabla ya Jumatatu, barua ya kujieleza kwa tiba ya familia au tiba ya ndani kama ulikuwa umeomba kitu kingine. Omba likizo Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki hiyo, na uombe Januari.

## Hatua ya 9: Ukishapata, kimbilia Afya House

Programu nyingi huanza Julai 1, na mafunzo ya utangulizi huwa Juni. Una wiki chache.

Kwa J-1, ECFMG ndiyo mdhamini, nayo inadai barua kutoka Wizara ya Afya, iliyoko Afya House, Nairobi, inayosema Kenya inahitaji mabingwa wa fani yako na kwamba umeahidi kwa maandishi kurudi. Maneno ya barua hiyo yamepangwa na ECFMG. Peleka nakala ya maneno hayo mwenyewe, na fani iandikwe kama ilivyo kwenye mkataba wa programu. Barua yenye fani iliyokosewa hurudishwa. Elewa pia unachokisaini: J-1 inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa upate msamaha.

ECFMG ikikubali, utapata fomu ya DS-2019 ya kuombea viza ya J-1, utalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wenye viza kama hiyo) ya dola 220, kisha usaili wa viza katika ubalozi wa Marekani, Gigiri. Sambamba na hayo, omba KMPDC cheti cha mwenendo mwema, kwa kuwa bodi ya leseni ya jimbo unalokwenda huenda ikakitaka.

Safiri kwenda Nairobi wiki ile ile ya matokeo kama unaweza, na ukae hadi upokee namba ya kumbukumbu ya barua yako.